Mtamba wa Benki

Siku ya keki na soda za kuniaga, wenzangu mliobaki dawatini mliniomba niwaandikie machache yasiyokuwemo kwenye miongozo. Tangu siku ile nimepanda mboga, nimepanga upya kabati la vyombo mara mbili, na sasa sina kisingizio kingine. Vyeo sitavitaja; vilikuwa vichache na havina cha kuwafundisha. Mshahara mnaujua. Nitaeleza kazi.

Nilianzia kaunta, tawi la Tarime, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sketi ya kuazima. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa hata noti moja. Bwana Masatu, mkuu wa kaunta, mtu mfupi aliyepiga pasi hadi kamba za viatu, aliniweka kwenye kiti nyuma yake akasema, "Leo kazi yako ni kutazama mikono."

"Mikono ya nani?"

"Ya wateja. Mdomo wa mtu mbele ya kaunta unasema anachofikiri benki inataka kusikia. Mikono haina adabu hiyo."

Nilitazama mikono kutwa nzima. Niliona mama akihesabu noti akiwa amewapa mgongo watu wa foleni, na mchimba dhahabu kutoka Geita akilaza pesa kaunta kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Jioni nilimweleza Bwana Masatu niliyoyaona. Akanipa kanuni ya pili, ambayo ndiyo iliyonilisha kuliko cheti changu. "Jambo la pesa likiharibika," alisema, "usimuulize mteja kwa nini. Ukimuuliza kwa nini, anajitetea. Muulize alifanyaje. Atakueleza mwanzo hadi mwisho, na kosa utalikuta limekaa katikati ya maelezo, halina hata habari kwamba linatafutwa."

Miaka ilipita, nikahamishiwa Mugumu. Huko ndiko kadi za mkopo zilipotukuta. Kadi za kutolea fedha watu walikuwa wamezizoea, kwa kuwa unatoa pesa yako mwenyewe na mashine inakuonyesha imebaki kiasi gani. Hizi mpya zilikuwa na tabia nyingine: unanunua kwa pesa ya benki, benki inakusanya manunuzi yako yote, halafu inakuletea hesabu. Zilikuja na boksi la vitabu vya masharti, Kiingereza cha wanasheria, herufi ndogo kama mchwa. Dawati la kadi nilipewa mimi kwa sababu lilikuwa karibu na dirisha la jua kali na hakuna mwingine aliyelitaka.

Kitabu kile nilikisoma kwa kamusi, kila jioni ukurasa mmoja. Nilipofika mwisho niligundua kwamba maneno nimeyaelewa lakini jambo lenyewe sijaliona. Kwa hiyo niliomba kadi yangu, ya kikomo cha chini kabisa, nikaanza kununua biskuti. Kituo cha mafuta pale mjini kilikuwa na mashine ya kadi. Nilinunua pakiti moja tarehe kumi na tisa na nyingine tarehe ishirini na moja, kwa sababu hesabu ya kadi yangu ilifungwa tarehe ishirini, kisha nikangoja. Pakiti ya kwanza ilitokea kwenye taarifa ya mwezi ule, na mwisho wa kuilipa ukawa tarehe kumi ya mwezi uliofuata. Ya pili haikuonekana kabisa. Ilikuja kutokea kwenye taarifa ya mwezi wa mbele, nayo ikapewa tarehe kumi ya mwezi mwingine tena. Biskuti zilezile, bei ileile, siku mbili tu kati yake, lakini moja ilikuwa imepewa karibu mwezi mzima zaidi wa kulipwa bila riba. Watoto wangu walifurahia sana utafiti huo na waliniuliza mara kwa mara kama umekwisha.

Baada ya hapo niliacha kuwasomea wateja kile kitabu. Niliwaambia hivi: hesabu ya kadi ni kama kufunga zizi. Jioni unasimama langoni, unahesabu ng'ombe walioingia, unafunga. Ng'ombe anayefika baada ya lango kufungwa hajapotea, ila atahesabiwa kesho. Tarehe ya kufunga ndiyo lango. Ukitaka kununua kitu kikubwa, kinunue lango likishafungwa, upate muda mrefu. Halafu kuna tarehe ya pili, ya mwisho ya kulipa, inayokuja wiki kadhaa baadaye. Kati ya tarehe hizo mbili benki inakungoja bila kukudai hata senti ya riba, mradi ulipe yote yaliyohesabiwa. Yote. Neno hilo ndilo wateja walilolisikia kwa sikio moja.

Mwongoza watalii mmoja wa kambi za Natta alikuwa akilipa kile kiwango cha chini kinachoruhusiwa kila mwezi, akiamini ndilo deni lenyewe. Aliniambia, kwa furaha ya mtu aliyeokota, "Mama Ghati, hii benki yenu ina huruma. Nimenunua friji, mnanidai pesa ya kuku." Nilimwonyesha ukurasa wa pili wa taarifa yake. Akauliza kama friji linaweza kurudishwa. Kulikuwa pia na mfanyabiashara wa Sirari aliyenijia Jumatatu akiwa amefura. "Madam, mimi nimelipa Saturday, mbona bill imeruka hivi?" Jumamosi ilikuwa tarehe tisa. Malipo yake yalipitia benki nyingine, nayo ilikuwa imelala hadi Jumatatu, na tarehe kumi ilikuwa imepita Jumapili akiwa kanisani. Tangu siku ile, kwenye kalenda yangu ya ukutani nilizungushia tarehe ya kufunga kalamu ya buluu na tarehe ya kulipa kalamu nyekundu, na siku tatu kabla ya nyekundu nikaweka alama ya msalaba. Nilikuwa nawaambia watu, lipeni kwenye msalaba. Wazee walilipenda sana agizo hilo, na sikuona haja ya kuwaeleza kwamba halikutoka kwa mchungaji.

Sasa nije kwenye kesi iliyonifundisha kuliko nyingine.

Rhobi Nyamhanga alikuwa na kambi ndogo ya mahema upande wa Natta. Alianza kama mfua mashuka kwenye kambi za watu, akajifunza kupika, akajifunza kupokea wageni, hadi akawa na mahema manne yake mwenyewe. Kadi ya mkopo aliihitaji kweli, kwa kuwa mitandao ya kuwekea nafasi na wauza vifaa wa mbali hawapokei noti zilizofungwa kwenye leso. Benki ilitaka dhamana. Baba yake, Mzee Nyamhanga wa Kisaka, aliuza ng'ombe saba, pesa zikawekwa kwenye akaunti maalumu ambayo hakuna mtu wa kuigusa, isipokuwa benki, endapo deni litashindikana.

Kwa kuwa ng'ombe walikuwa wake, mzee aliweka sharti moja: malipo ya kila mwezi atayaleta yeye, kwa mkono wake. Rhobi hakuona ubaya. Mtandao kambini ulikuja na kuondoka kama swala, wageni wake wengi walilipa taslimu, na mzee alikuja Mugumu kila mwanzo wa mwezi siku ya mnada. Rhobi alijumlisha risiti zake za mwezi, akamkabidhi baba yake kiasi hichohicho, mzee akakileta. Mambo yakaenda hivyo kwa zaidi ya mwaka.

Kisha siku moja Rhobi akaingia ofisini kwa kasi ya mtu anayefukuza mwizi. Alikuwa amejaribu kulipia mahema mawili mapya kwa muuzaji wa Arusha, kadi ikakataa. Nyumbu walikuwa njiani, wageni walishaweka nafasi kwa mahema sita, na muuzaji alikubali kumshikia mzigo hadi mwisho wa wiki tu.

"Dada, mnaniibia," alisema kabla hajaketi. "Sijawahi kukosa mwezi hata mmoja. Hata mmoja."

Nilifungua hesabu yake. Alisema kweli, hakukosa mwezi. Lakini kila mwezi malipo yalipungua kidogo kuliko deni. Kiasi kilichobaki kilihamia mwezi uliofuata, na kwa kuwa hakulipa yote, zile wiki za kungojwa bila riba zilikuwa zimefutika. Kila alichonunua, petroli, gesi, sabuni ya mashuka, kilianza kula riba siku hiyohiyo aliyokinunua. Mwaka mzima ulikuwa umejenga kichuguu, na sasa kichuguu kimegusa kikomo cha kadi. Kulikuwa na jambo baya zaidi. Makao makuu walishaandika kwamba deni lisiposhuka kabla ya lango la tarehe ishirini, wataanza utaratibu wa kuchukua dhamana. Yaani ng'ombe saba wa mzee.

Nilimwonyesha Rhobi tarakimu za kila mwezi. Alizilinganisha na risiti zake, mwezi kwa mwezi, na nilimwona akiacha kunikasirikia. Nilitamani angeendelea.

"Mimi nilimpa zote," alisema polepole. "Kila mwezi nilimpa zote."

Kati ya mkono wa Rhobi na kaunta yetu kulikuwa na mtu mmoja tu.

"Unazo taarifa za benki? Zinakuja kwenye simu," nilimuuliza.

"Nazifuta. Nilijua nimelipa." Akajifuta uso kwa kanga. "Dada, nikimuuliza, itakuwa nimemwita baba yangu mwizi. Nisipomuuliza, ng'ombe wake wanakwenda. Nifanyeje?"

"Usimuulize. Mlete."

Mzee Nyamhanga alikuja siku iliyofuata, koti la kijivu, kofia mkononi, fimbo ameiacha kwa mlinzi mlangoni kama mtu aliyeingia kwa wakwe. Rhobi alikaa pembeni akitazama sakafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Wa wapi wewe?"

Nilimtajia kwetu Tarime, tukapitia koo hadi akapata mtu tunayefahamiana sote, marehemu, na hapo akaridhika. Kisha nikatumia kanuni ya Bwana Masatu.

"Mzee, naomba unifundishe. Rhobi akikupa pesa ya benki, unafanyaje?"

"Nafanyaje? Naleta."

"Nianzie asubuhi. Unatoka nyumbani, halafu?"

Akanianzia asubuhi. Pikipiki, mnada, kutazama bei ya madume, chai na chapati mbili kwa mama mmoja karibu na lango la mnada. Palepale mezani huwa anazihesabu pesa. Na alipokuwa akieleza, mikono yake ilianza kuhesabu yenyewe juu ya dawati langu. Mkono wa kulia ulipanga noti ambazo hazikuwepo, nyingi, upande mmoja. Mkono wa kushoto ukachukua chache, ukazirudisha kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Rhobi aliona. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Na hizo za mfukoni, mzee?"

"Hizo za mkia," alisema, kama mtu anayeulizwa ng'ombe ana miguu mingapi.

"Mkia wa nini?"

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Binti, wewe si umesema ni wa kwetu? Mtu amekuamini, amekupa mali yake. Utamlipa yote siku moja umkate? Ukimlipa mtu yote, umemwambia nenda zako, sikujui tena. Hata njia ya kuja kwako inaota majani. Unamlipa vizuri, unamwachia mkia. Kesho atakuja kuuliza, mtakunywa, mtaongea. Ninyi mmempa mtoto wangu mali bila kumjua. Ningewezaje kuwafukuza?"

Wazee wengi niliokulia kati yao walilipa madeni ya mifugo namna hiyo, na hakuna aliyewahi kudhulumika. Ni sisi benki tuliokuwa hatuna adabu ya kuelewa mkia.

"Tata," Rhobi alisema, kwa sauti ndogo, kama tunavyowaita baba zetu nyumbani. "Na hizo pesa za mkia zilikwenda wapi?"

"Zilikwenda wapi? Pesa ya mtu utailaza kwenye koti iliwe na panya? Nilinunua mtamba."

"Mtamba?"

"Mtamba wa benki. Mwekundu, ana doa hapa." Akagusa paji lake la uso. "Yuko zizini kwangu na mimba tayari. Nilikuwa nangoja siku watakapokuja wenyewe niwaonyeshe. Mwaka mzima hawaji. Nikasema hawa watu wana kiburi."

Rhobi alianza kucheka, halafu ikawa kama analia, halafu akarudi kucheka. Mzee alinitazama mimi kutaka maelezo. Nikamweleza, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mwishike vizuri, kwa sababu hamtaipata kitabuni. Sikumwambia amekosea. Nilimwambia kwamba benki ni rafiki wa namna nyingine, imelelewa vibaya. Ukimwachia mkia, anadhani unamkimbia, na anaanza kukutoza kwa kila kitu, mpaka chumvi. Ukimlipa yote aliyohesabu, kabla ya tarehe yake, ndipo anakufungulia tena mlango na kukungoja bure. Kwake, kulipa yote ndiko kusema tutaonana.

Mzee alifikiri. "Huyo rafiki ana matatizo," alisema.

"Anayo, mzee. Lakini ameshika ng'ombe wako saba."

Hilo lilieleweka. Nikapendekeza auze mtamba. Alikataa palepale, akaudhika hata: mali ya mtu haiuzwi kulipa deni la mtu huyohuyo. Aliuza dume lake mwenyewe, la pili kwa ukubwa, na siku moja kabla ya lango kufungwa akaja na Rhobi kaunta. Safari hii hakupitia kwa mama wa chapati. Alilaza noti zote, mkono wa kushoto ameuweka nyuma ya mgongo ili usije ukamponza. Deni likaisha, kadi ikafunguka, na mchana uleule Rhobi alimpigia muuzaji wa Arusha akiwa bado kwenye kiti changu. Nikamzuia asilipe palepale. "Ngoja lango lifungwe," nilimwambia. "Lipa keshokutwa. Utapata hadi wageni waondoke." Muuzaji alikubali, mwisho wa wiki haukuwa umefika.

Niliwaonya pia kwamba taarifa inayokuja itaonyesha riba kidogo, japokuwa wamelipa yote, kwa sababu riba ilitembea hadi siku ya kulipa na haikuwa imeandikwa bado. Waonyeni wateja wenu jambo hilo mapema. Riba ndogo isiyotegemewa huvunja imani kuliko kubwa iliyotangazwa.

Yalibaki mambo mawili. La kwanza, mtamba. Nilimpelekea meneja wetu suala hilo kama utaratibu unavyotaka. Alivua miwani, akaniuliza, "Niwaandikie makao makuu tuna ng'ombe? Nimweke wapi, kwenye samani?" Tukakubaliana kwamba benki haijawahi kumiliki mtamba yeyote, na mzee akamhamishia kwa Rhobi, akamwita Benki. Alizaa salama. Wageni wa Natta wamekunywa chai ya maziwa ya Benki kwa miaka, bila kujua historia yake.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Mzee alilipa yote mwezi uliofuata, na uliofuata, lakini alikuwa akitoka kaunta ameinamisha kichwa kama mtu anayerudi mazikoni. "Nimewalipa," aliniambia, "na sasa hatudaiani kitu. Sipendi." Nililifikiria hilo nikirudi nyumbani, na jibu nililipata kwenye biskuti zangu. Siku ya mnada iliyofuata nilimwambia Rhobi amwachie mzee kadi. Alipomaliza kulipa, nikampeleka kituo cha mafuta. Akanunua kilo moja ya sukari, kwa kadi.

"Sasa unadaiwa tena," nilimwambia. "Lakini deni hili ni jipya, halimo kwenye hesabu uliyolipa leo. Litahesabiwa tarehe ishirini, utalilipa ukija mnada ujao, na haliwezi kuzaa hata senti."

Alishika ule mfuko wa sukari akautazama. "Kwa hiyo nimelipa yote."

"Yote."

"Na mkia upo."

"Upo."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya dume. Kuanzia hapo hakukosa: analipa deni la Rhobi lote, anavuka barabara, ananunua sukari ya kilo moja. Kwa masharti ya kadi ni mteja asiye na dosari. Wale mnaomhudumia sasa, msimharakishe, na msimwambie aende kulipia sukari kwa taslimu.

Wiki iliyopita nilikwenda Kisaka kumsalimia, mara ya kwanza nikiwa si mtumishi wa mtu. Hapo nyuma nilikuwa nakataa hata kikombe cha maziwa, sheria za kazi mnazijua. Safari hii nilikunywa. Nikanunua na samli, chupa moja, nikampa noti ya elfu kumi. Alirudisha chenji, akanihesabia kiganjani. Nikahesabu na mimi, mazoea hayaishi. Ilipungua mia tano.

Nilimtazama usoni. Yeye alikuwa akitazama ng'ombe wake wakiingia zizini.

"Mzee, chenji haijatimia."

"Najua," alisema. "Njoo uidai."